Alfajiri ya Maili 33

Gari lenyewe halikuwa na jina. Lilikuwa chesi tupu yenye viti viwili vya mbao, na nyuma magunia ya mchanga yakishika nafasi ya matajiri waliotarajiwa kulinunua. Ilikuwa 1909, Uingereza. Mimi mwanagenzi wa miaka 17, kazi yangu kushika daftari na kutega sikio.

Injini ilikuwa ya silinda sita. Wateja walizipenda sita kwa ulaini wake, na kweli, mwendo ukiwa mdogo hukusikia kitu ila changarawe chini ya matairi. Lakini sita zilikuwa na maradhi yake. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na silinda, ilikuwa ndefu, na kila silinda ilipopiga ilijisokota kidogo kisha ikajirudi, kama nguo inayokamuliwa. Ukafika mwendo ambao mapigo yanaukuta ule msokoto sawasawa, basi gari zima linatetema. Kile kidude cha msuguano alichobuni mhandisi Frederick Lanchester, cha kufungwa mwisho wa krenki ili kuutuliza msokoto, sisi hatukuwa nacho. Na mtetemo wetu ulikaa mahali pabaya: juu ya maili 30 kwa saa, ilhali sheria iliruhusu 20 tu.

Tungeweza kwenda uwanja wa mbio za magari wa Brooklands, uliofunguliwa 1907, ila pale washindani nao wana macho. Fundi mkuu akachagua barabara ya Portsmouth, alfajiri. Barabara hiyo ilisifika kwa askari wanaojibanza nyuma ya vichaka na saa mkononi. Chama cha wenye magari, AA, kilizaliwa 1905 kwa ajili ya kuwaonya madereva juu ya mitego kama hiyo. Saa 11 na nusu asubuhi hatukukuta wa kutuonya.

Tulipoipita Cobham fundi akaliachia gari. Niligandamiza kijiti kwenye ubao unaotenga injini na miguu yetu, ncha ya pili nikaiuma kwa meno, maana mtetemo unasikika vyema kwa fuvu kuliko kwa masikio. Ukaja, ukapanda, meno yakagongana. Mshale wa spidimita ulirukaruka kati ya 25 na 40. Mahali pa mwendo nikaandika alama ya kuuliza.

Kisha, tak!

Krenki ilikuwa imekatika. Fundi hakutukana. Alikanyaga klachi tukateleza katika vumbi jeupe, kimya kabisa. Kimya ambacho wateja wetu wangekilipia bei yoyote.

Askari wawili wakatoka kichakani, mmoja mnene, amefurahi.

"Thumni ya maili kwa sekunde 13 na nusu," akasema. "Hiyo ni maili 33 na ushei kwa saa, bwana."

Fundi akavua miwani ya vumbi. "Afande, tafadhali, una hakika na saa yako?"

"Ilikaguliwa juzi."

Fundi akanigeukia. Nikaikata ile alama ya kuuliza, nikaandika 33.