Waridi jekundu lionekane jekundu: uzoefu wangu wa kupiga picha bustanini Lushoto

Waridi la pinki halina shida, hata jeupe lina namna yake, lakini waridi jekundu limewatoa jasho wapiga picha wengi. Ukilitazama kwa macho unaona kila petali na ukingo wake, mikunjo, na kivuli kinachozama katikati ya ua. Lipige kwa simu: limekuwa bonge moja la wekundu, bapa kama satini iliyopigwa pasi. Mimi nililitafutia dawa kwa sababu ya biashara, wala sikuwa na habari na sanaa.

Shangazi yangu anaotesha miche ya mawaridi Lushoto na kuiuza. Wateja wa karibu wanakuja wenyewe, wanachagua, wanaondoka na miche yao. Wa Tanga na Dar es Salaam wanataka picha kwenye WhatsApp, na huko ndiko maneno yalikoanzia. Ana jekundu la kuwaka na ana lingine zito, damu ya mzee, ambalo likiwa tumba linakaribia weusi. Katika picha alizokuwa akipigiwa na vijana wa jirani, yote mawili yalikuwa kitu kimoja. Mteja mmoja aliyetaka damu ya mzee ya kupanga mbele ya nyumba alitumiwa picha, akapiga simu papo hapo kuuliza kama anafanywa mtoto. Shangazi akaniita. “Baba, wewe si ndiye mwenye mambo ya kamera? Hebu njoo. Maua yangu hayajawa mabaya kiasi hiki.”

Kisa chenyewe kiko ndani ya kamera. Kihisi cha kamera kina vipokea mwanga vidogo mno, na katika kila vinne, viwili husoma kijani, kimoja nyekundu, kimoja bluu. Kamera ikikadiria mwanga huegemea zaidi upande wa kijani, na ua jekundu linarudisha kijani kidogo sana. Basi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na upande wa nyekundu unajaa pomoni. Ukishajaa, petali ya mbele na ya nyuma zinaandikwa kiwango kilekile, na hakuna programu ya kuhariri itakayorudisha mkunjo ambao haukurekodiwa. Hapo bado hujahesabu kwamba simu nyingi hukoleza rangi zenyewe ili picha ivutie.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kuinyima kamera mwanga. Kwenye simu nabonyeza ua kwenye kioo na kushikilia kidole mpaka ifunge ulengaji na mwanga, halafu natelezesha kile kialama cha jua kwenda chini. Napunguza hadi majani yaonekane yamezama gizani kidogo na petali zianze kuachana. Inatia wasiwasi mwanzoni, kwa sababu picha yote inaonekana mbovu. Iache hivyo. Kivuli cha majani kinainuliwa baadaye kwa urahisi, wekundu uliofurika hauteremshwi. Mwenye kamera kubwa aweke punguzo la mwanga (ile alama ya +/-) la 0.7 au 1, na akitazama ile grafu ya mwanga aitazame ya rangi tatu tatu, kwa kuwa ile ya jumla itamwambia mambo ni shwari wakati nyekundu imeshagonga ukuta. Jeupe linataka kinyume chake: kamera hulifanya la kijivu, uliongezee.

Lakini kupunguza mwanga peke yake hakutoshi kama mwanga wenyewe ni wa kuchoma. Lushoto iko juu Usambara, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti kuna baridi, mawingu na manyunyu ambayo kila mtu anayalalamikia. Mimi nayaombea. Mawingu yanausambaza mwanga, unafika kwenye ua kutoka pande zote, hakuna petali inayong'aa na kuiachia mwenzake kivuli cheusi. Miezi mingine ni kuamka mapema. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, halichelewi chelewi kama Ulaya, na ikifika saa mbili na nusu asubuhi mwanga laini umekwisha. Bahati nzuri bustani ya shangazi iko kwenye mteremko unaotazama magharibi, jua linachelewa kuvuka mgongo wa mlima, kwa hiyo nina muda mrefu kidogo wa kivuli chenye anga wazi juu yake. Sijui kivuli bora kuliko hicho.

Jua likishavuka, natandaza chandarua juu ya vijiti vinne. Cheupe, si cha bluu, kikunjwe mara mbili. Chandarua cha zamani kilichotoboka kinafaa vizuri tu, mradi tundu lisiwe juu ya ua lenyewe. Nilifikiria kutumia kanga, shangazi akacheka: “Kanga nyekundu juu ya ua jeupe, utamuuzia nani?” Ni kweli, kitambaa chochote cha rangi kinalipaka ua rangi yake. Hata nguo uliyovaa, ukiwa umeinama karibu. Siku hizi naingia bustanini na shati jeupe au la kijivu.

Hili la rangi lina mtego mwingine ambao watu hawaushuku. Bustani imejaa kijani, na kamera ikiona kijani kingi inajaribu kukisawazisha kwa kuvuta picha nzima kuelekea zambarau. Majani hayaonyeshi sana, jekundu ndilo linaloharibika: linakuwa na ubuluu fulani ambao kwenye mche haupo. Natumia karatasi nyeupe ya kawaida. Picha ya kwanza naiweka karatasi kando ya ua, kwenye mwanga uleule, na nikihariri naigusia hiyo karatasi kwa kile kitonesha, yaani kialama chenye umbo la bomba la dawa ya matone, cha kuiambia programu kipi ni cheupe. Rangi inayopatikana naihamishia picha zote za hapo. Kwenye simu yenye hali ya kujipangia mwenyewe, usawa huo wa rangi unaweza kufungwa tangu mwanzo, ukaondokana na kazi hiyo. Katika kuhariri sigusi kabisa ukolezo wa rangi, isipokuwa kuupunguza kidogo kwenye nyekundu.

Upepo nao. Ua lililo kwenye shina refu halitulii, hasa jua likianza kupasha bonde. Nachomeka kijiti ardhini na kulishika shina kwa kibanio cha nguo, chini ya sehemu inayoonekana. Ni kazi ya nusu dakika, na hakuna kifaa changu cha bei ghali kilichonisaidia kama hivyo vibanio.

Usikaribie mno. Simu nyingi za sasa ukizisogeza karibu zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana, petali ya mbele inavimba, na kivuli chako mwenyewe kinalala juu ya ua. Narudi nyuma hatua moja, navuta mara mbili kwa lenzi, halafu nakata pembeni baadaye. Ukiwa nyuma, sehemu kubwa ya ua inakaa ndani ya ulengaji, si petali moja tu. Ile hali ya kufifisha nyuma kwa programu siitumii kwenye mawaridi. Inakula miiba na kupasua kingo za petali ovyo. Nikitaka nyuma pawe patulivu, shangazi anashika mwavuli mweusi mbali kidogo na ua. Analalamika mkono unauma, lakini hakubali mtu mwingine aushike.

Kuhusu matone ya maji yanayopendwa sana kwenye picha: umande wa asubuhi upo, unatosha. Nilipotaka kunyunyiza jioni shangazi aliniondolea ndoo. Ugonjwa wa madoa meusi, ule unaopukutisha majani ya mawaridi, ni wa ukungu, na mbegu zake zinahitaji jani libaki na maji kwa saa saba hivi au zaidi ndipo ziingie. Ukimwagilia majani jioni umezipa usiku kucha. Kama ni lazima kunyunyiza, iwe asubuhi, jua lije kuyakausha. Na ua la kuchagua ni lililofunguka nusu. Lililochanua wazi kabisa linaonyesha mpaka vumbi la katikati, na mteja anadhani limeshazeeka.

Picha ya ua pekee haiuzi mche, hilo nilifundishwa na wateja. Wanataka kuona shina limetoa matawi mangapi, majani yana afya gani, mfuko una ukubwa gani. Kwa hiyo mche mzima unapigwa na kiberiti kimewekwa kando kwa kipimo, maana kila mtu anajua ukubwa wa kiberiti. Majina hayana uzito sana kwa wanunuzi wetu. Wachache wanauliza Queen Elizabeth, lile refu la pinki lililozalishwa Marekani na kutoka mwaka 1954, au Iceberg, jeupe la mashada la mzalishaji Kordes wa Ujerumani la mwaka 1958. Wengine wote wanataka rangi na harufu, na harufu sina namna ya kuituma.

WhatsApp inaminya picha, na kinachopotea mapema ni ile tofauti ndogo ya wekundu niliyohangaika nayo. Natuma kama faili, si kama picha. Hata hivyo vioo vya simu havifanani: kimoja kinawaka, kingine kimepauka, na siwezi kumwekea mteja wa Tanga kioo changu. Hapo ndipo tulipobuni njia tunayoitumia mpaka sasa. Shangazi anakata ua moja la jekundu la kuwaka na moja la damu ya mzee, tunayalaza pamoja juu ya karatasi nyeupe chini ya chandarua, napiga yote mawili kwa mara moja, mwanga mmoja. Kioo kikiwa kibaya kinayaharibu yote kwa pamoja, tofauti kati yake inabaki. Mteja hahitaji tena kujua jina la rangi, anaandika tu: “Mama, nataka la kushoto, miche sita.”