Nywila ya Wi-Fi yetu tuliipata kwa dadu ya ludo

Fundi aliyetufungia intaneti hapa Sinza aliweka namba yangu ya simu kuwa nywila ya Wi-Fi. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa sababu mteja haisahau. Lakini namba zetu za simu za mkononi huanza na 06 au 07, zikabaki tarakimu 8 tu za kubahatisha. Hizo ni namba milioni 200, na kompyuta yenye kadi kubwa ya kuchezea gemu hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Saa moja haiishi imezimaliza zote.

Wengi hudhani mwizi wa Wi-Fi atajaribu mara chache kisha ruta imfungie. Sivyo. Kwenye WPA2, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi tunaoutumia, simu inapojiunga hubadilishana na ruta jumbe 4 za utambulisho. Mtu aliyekaa kwenye ngazi za ghorofa na laptopu anaweza kuzinasa, akaenda zake kubahatisha usiku kucha bila ruta kujua lolote. Toleo lililofuata, WPA3, lililotoka 2018, limeziba njia hiyo, ila runinga yetu na simu ya mama hazilikubali. Kwa hiyo tegemeo langu lilibaki kwenye nywila yenyewe.

WPA2 inapokea herufi 8 hadi 63, na urefu huo ndio nilioutaka. Kuweka @ mahali pa a hakusaidii sana, programu za kubahatisha zinaujua mchezo huo siku nyingi. Nikafuata njia ya Mmarekani Arnold Reinhold, aliyoitoa 1995: unarusha dadu, na dadu ndiyo inayokuchagulia neno kwenye orodha. Orodha yake ina maneno 7,776. Yetu tuliiandika wenyewe kutoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, maneno 216, kwa kuwa dadu ikirushwa mara 3 hutoa nafasi 6 × 6 × 6. Tulichukua maneno mafupi, tukaacha yanayofanana kama pata na pasa, na yote yenye ng', maana ile alama ya juu inasumbua kwenye rimoti ya runinga.

Dadu ikatoa funza. Binti yangu akakunja uso. "Baba, hilo baya, tuweke waridi."

Nikakataa, na hapa sina utani. Mkianza kuchagua mnayoyapenda, mmerudi kwenye majina, maua na timu za mpira, yale yale anayoanza nayo mwizi. Tulirusha tena maneno yote tangu mwanzo kwa sababu tu neno hilo lilishatajwa kwa sauti mlango ukiwa wazi, na safari hii kila lililotoka lilibaki.

Nywila yetu ina maneno 8. Hata mtu akiipata orodha yetu yote, mpangilio unaowezekana ni zaidi ya 4 ikifuatiwa na sifuri 18. Akijaribu milioni moja kwa sekunde, anahitaji zaidi ya miaka laki moja. Na bado mama aliiandika mwenyewe kwenye simu yake. Nilimwambia tu, "Herufi ndogo zote, mama, na nafasi moja kati ya neno na neno." Siku ya pili alikuwa ameshaitungia hadithi, anaitamka bila kusoma.

Kwenye ukurasa wa ruta, kwetu ni 192.168.1.1, nilibadilisha pia nywila ya msimamizi, iliyokuwa admin. WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, nikaizima: namba yake ya siri ina tarakimu 8, lakini 2011 mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alionyesha kwamba majaribio kama 11,000 yanatosha kuipata.

Jirani akigonga na kusema, "Baba Neema, nigawie Wi-Fi kidogo," simnyimi. Nimewasha mtandao wa wageni wenye nywila yake, anaskani kodi ya QR kwenye simu yangu na kuingia. Huo naubadilisha ninapotaka. Ule wa nyumbani hakuna anayeugusa.