Mzazi wa Msimu wa Kusi

Daladala ilinishusha Kizimkazi Mkunguni alasiri moja ya Agosti, minazi yote imelalia upande mmoja kwa upepo wa kusi. Wageni wengi huja hapa kuwaona pomboo. Hata mimi niliwahi kuja kwa ajili hiyo, nikaondoka na uchungu: boti saba zilimzunguka pomboo na mwanawe, watu wanajitosa majini juu yao. Safari hii nilimfuata nyangumi.

Nahodha niliyeelekezwa nilimkuta pwani, anaziba nyufa za mashua. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Tutatoka alfajiri, kabla upepo haujaamka. Na tukiwaona nazima mashine, sitaki unihimize nisogee. Kule nje kuna mzazi."

Neno lile lilinikaa usiku kucha. Mimba yangu ya kwanza ilipokomaa nilirudishwa Tanga kwa mama, nikajifungulia kwetu, nikakaa arobaini nikikandwa kwa maji moto. Aliyepiga kelele uani, bibi alimtoa nje, hata angekuwa mjomba.

Nyangumi wa nundu naye ana safari yake ya uzazi, tena ya maelfu ya kilomita. Kiangazi cha kusini ya dunia humkuta karibu na Antaktika, anakula viduduvidudu jamii ya uduvi mpaka ananenepa. Baridi ikibisha hodi huko, hupanda kaskazini: wengine huishia Msumbiji, wengine Madagaska, Bukini ya wazee wetu, na wengine hufika maji ya Tanzania na Kenya kati ya Julai na Oktoba. Mimba yake ni ya miezi 11 hivi. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita 4 na ushei, shahamu yake bado nyembamba, kwa hiyo bahari yetu yenye vuguvugu inamfaa. Mama hapati chakula cha maana huku. Ananyonyesha kwa akiba ya mwili aliyokuja nayo, maziwa mazito yaliyojaa mafuta. Ukiwahi kunyonyesha huku una njaa utamwelewa.

Tulitoka giza halijaisha. Nje ya mwamba mawimbi yalikuwa marefu, mashua inapanda na kushuka, nami nimeshika taruma kwa mikono miwili. Jua lilikuwa limeshapanda kiasi nahodha aliponyoosha kidole. Moshi mweupe ulisimama juu ya maji, ukapeperuka. Ukasimama mwingine, mdogo. Akazima mashine.

Mama alikuwa ametulia kama gogo chini kidogo ya maji, ukubwa wa basi zima. Mtoto hawezi kuzuia pumzi kwa muda mrefu kama yeye. Kila baada ya dakika chache aliibuka peke yake, akavuta hewa, akarudi chini ya kidevu cha mama. Rangi yake ilikuwa ya kijivu hafifu. Mara moja mama aligeuka ubavu na pezi lake likatoka nje, refu karibu theluthi ya mwili wake, jeupe upande wa chini. Akalirudisha majini taratibu, bila kishindo. Nililia. Nahodha aliniona, akatazama upande mwingine.

Nilikuwa nakumbuka hesabu. Karne iliyopita, katika nusu ya kusini ya dunia pekee, nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 waliuawa kwa ajili ya mafuta na nyama. Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi yao, na 1986 marufuku ya uwindaji wa kibiashara ikaanza kazi. Mama huyu yupo kwa sababu bibi yake aliponea chupuchupu.

"Sasa hofu yangu ni jarife, ule wavu mkubwa," nahodha alisema kwa sauti ya chini. "Nimelitega miaka mingi. Linatandazwa usiku, halichagui. Pomboo ananasa, kasa ananasa. Mtoto kama huyu akijifunga humo, hapandi tena kuvuta pumzi." Siku hizi yeye anavua kwa mshipi tu.

Walipozama tukabaki tunayumba na mkondo. Akachukua kafi, akaliingiza majini, akanipa mpini. "Weka sikio hapa."

Mwanzoni nilisikia maji tu. Kisha mlio mrefu mzito, kama mlango wa mvule unaofunguliwa polepole, ukapanda ukawa mwembamba, ukakatika, ukaanza tena. Dume, pengine mbali sana na pale tulipokuwa. Madume ya eneo moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo mwaka hadi mwaka.

"Wa mwaka huu una huo mlio wa mwisho," nahodha alisema. "Mwaka jana haukuwepo."

Nikabaki na sikio kwenye mpini mpaka kusi likaamka, naye akawasha mashine.