Magunia ya maharagi na njia ya Sake

Ile asubuhi ya tarehe 27 mwezi wa tano 2021 redio ya jirani ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, gavana wa kijeshi anasema kartie (mitaa) 10 za Goma, huku mashariki ya Kongo, zihame leo hii, na yetu Mabanga Sud ilikuwemo. Sababu akaitoa, magma iko chini ya mji mpaka chini ya ziwa Kivu, volkano inaweza kulipuka tena bila kutuonya. Volkano yenyewe, Nyiragongo, ilikuwa imelipuka Jumamosi usiku, tarehe 22, na tangu hapo ardhi haikuacha kutetemeka, unakunywa chai kikombe kinatembea chenyewe mezani.

Sasa mama yangu alikuwa na depo ndogo ya maharagi. Wiki ile ameingiza magunia 40 kutoka Rutshuru kwa pesa ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, na lava ilipokata barabara ya Rutshuru bei ikaanza kupanda kila siku. Ile ilikuwa nafasi yake, miaka mingapi anauza kwa faida ya kubangaiza tu. Akakaa juu ya gunia, funguo mkononi, anahesabu kwa midomo. Mimi kilichonitisha zaidi ni magma kuitoa gesi ya ziwa, sababu chini ya Kivu kuna methane na gesi kaboniki nyingi sana, na shuleni tulikuwa tumesoma habari za ziwa Nyos huko Kameruni, 1986, gesi ilitoka ziwani na watu zaidi ya 1,700 walikufa usiku mmoja bila moto wowote. Lakini na bei nilikuwa nimeiona.

"Mama, tubakie ata siku moja tuone?"

"2002 kuko benye balirudiaka juu ya esansi," akajibu, basi.

Nilijua anamsema yaya yake, ndugu yake mkubwa. Lava ya 2002 ilikuwa imeshapita mjini, watu wakaingia stasyo ya mafuta kuchota esansi, yaani petroli, ikalipuka, wakafa wengi, na yaya huyo alikuwa kati yao.

Magunia 9 akayauza palepale chini ya bei aliyonunulia, apate pesa ya kumpandisha koko, mzee wetu wa nyumbani, kwenye gari, miguu yake ilikuwa imevimba na siku ile usafiri ulikuwa na bei ya wazimu. Yale 31 akayafungia. Sisi wengine kwa miguu mpaka Sake, mji mdogo magharibi ya Goma, godoro kichwani, barabara imejaa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na mbuzi na wamama wenye watoto mgongoni.

Sake ndipo nilipokasirika na hasira hiyo bado ninayo. Ile amri naitetea mpaka leo, ata kama wengi wanasema tulikimbizwa bure kwa vile volkano haikurudi, maana kwa yale yaliyojulikana asubuhi ile nani angethubutu kuacha mji mzima ulale pale? Ila hatari ya kubaki ndiyo iliyopimwa, hatari ya kwenda hakuna aliyeipima. Maelfu ya watu tunafika mahali padogo, tunalala kwenye madarasa, choo ni foleni, maji tunachota ziwani na bido, dumu lililokuwa la mafuta ya mawese. Siku ya nne mdogo wangu wa miaka 6 akaanza kuhara maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Nikambeba mgongoni mpaka kituo cha afya, macho yameingia ndani, ukifinya ngozi ya tumbo ukiachia inabaki imesimama. Wakamtundikia serum, yaani dripu, moja, mbili, ya tatu ndio akaomba kula.

Tukarudi mwezi wa sita serikali iliporuhusu. Kufuli ilikuwepo, magunia yote 31 yapo, lakini magari ya Rutshuru yalikuwa yameanza kupita tena na bei imeshuka. Mama akapitisha mkono juu ya gunia la kwanza, hakuhesabu mengine, akamgeukia mdogo wangu aliyesimama mlangoni.

"Ile maji ya mu bido, umeichota wapi?"