Jinsi nilivyoanza kukumbuka ndoto kwa msaada wa majani machungu

Kwa miaka mingi nililala fofofo na kuamka sina hata ndoto moja ya kusimulia. Niliposoma kwamba karibu kila mtu huota kila usiku, na kinachokosekana ni kumbukumbu tu, nikaanza kuchunguza mitishamba ambayo jamii mbalimbali huitumia kwa ajili ya ndoto.

Wachontal wa Oaxaca, Mexico, wana mmea uitwao Calea ternifolia. Majani huchemshwa na kunywewa, mengine huvutwa kama tumbaku, kisha mtu hulala akingojea jibu la jambo linalomsumbua. Waxhosa wa Afrika Kusini wana mzizi wa Silene undulata. Hupondwa, hutiwa maji na kupigwa kwa kijiti hadi utoke povu jingi, na povu hilo humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu. Ndoto huja usiku. Mzizi huo sikuugusa. Ni sehemu ya mafunzo ya waganga wao, amagqirha, na kuuchukua ili nijiburudishe usiku niliona ni kukosa adabu. Calea niliionja. Kikombe hakikuisha, shubiri ina nafuu.

Nikaishia kwa Artemisia vulgaris, mmea wa jamii moja na pakanga, ambao huko Ulaya watu waliushindilia ndani ya mito ya kulalia ili waote vizuri. Nilikuwa naloweka kijiko kidogo cha majani makavu kwenye maji ya moto, nafunika, nachuja, nakunywa kabla ya kulala. Ni chungu, lakini uchungu wa kuvumilika.

Mwanzoni sikuona chochote. Baadaye nikaanza kushtuka usingizini kabla ya alfajiri, mara nyingi nimebanwa na mkojo (chai ni chai), na ndoto nikawa nazikuta bado mbichi kichwani. Nikajiuliza: kazi hii inafanywa na jani au na kibofu? Basi usiku mwingine nikanywa maji matupu ya moto, kiasi kilekile. Niliamka vilevile, na ndoto nilizikumbuka karibu sawa. Zile za usiku wa majani zilikuwa na rangi zaidi na vituko zaidi, ila ulimi ulijua nimekunywa nini, kwa hiyo siwezi kuapa.

Kilichonifungua macho ni utafiti wa Calea uliochapishwa na wanasayansi wa Mexico mwaka 1986. Waliokunywa dawa hiyo walisimulia ndoto nyingi zaidi, lakini pia usingizi wao ulikuwa mwepesi zaidi na waliamka mara nyingi zaidi. Hapo mambo yakaungana. Tangu 1953, watafiti wa usingizi Aserinsky na Kleitman walipoeleza kule Chicago usingizi ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, imejulikana kwamba mtu akiamshwa katikati yake mara nyingi huwa na ndoto ya kusimulia. Usingizi huo hurudi takriban kila dakika 90, na vipindi vyake huwa virefu kuelekea asubuhi. Kinachokuamsha saa hizo, kiwe mmea au glasi ya maji, kinakufikisha mlangoni.

Ukishafika mlangoni, kazi ni yako. Mimi nikiamka sijigeuzi, sifungui macho upesi, wala simu siigusi. Nashika kipande cha mwisho cha ndoto, hata kama ni sura ya mtu tu, kisha narudi nyuma: kabla ya hapo nilikuwa wapi, na nani? Naandika gizani kwenye daftari, mwandiko wa hovyo, maneno machache. Usiku ambao sikuweka daftari karibu, majani hayakunisaidia kitu.

Tahadhari, nazo nazichukulia kwa uzito. Artemisia vulgaris ina kemikali iitwayo thujone, ambayo ikizidi ni sumu kwa mfumo wa fahamu. Mjamzito asiinywe kabisa, na mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti ajihadhari. Calea huweza kuleta kichefuchefu na kutapika. Anayetumia dawa za hospitali amuulize mfamasia kwanza.

Sasa majani nayatumia mara mojamoja, nikiona kurasa za daftari zimeanza kubaki tupu. Usiku mwingi glasi ya maji inatosha, ingawa nakiri harufu ya yale majani naipenda.