Nanga ikiburuta, tazama amari kwanza

Wengi hulaumu uzito wa nanga. Mara nyingi kosa ni amari, yaani kamba na mnyororo wa nanga, kuwa fupi: nanga hushika ikivutwa kwa ulalo, ikivutwa kwenda juu hung'oka.

Piga hesabu kwa maji yaliyojaa. Unguja, wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, maji hupanda karibu mita 4. Ukitia nanga penye mita 3 maji yakiwa yametoka, saa sita baadaye utakuwa na 7. Ongeza mita 1 ya kimo cha omo, yaani mbele ya chombo, juu ya maji, zidisha kwa 5: amari ya mita 40. Ndiyo, arobaini.

Mashua ya mita 6 inatosheka na nanga ya kilo 7, mnyororo mita 6, kisha nailoni ya milimita 12, maana hunyumbuka mawimbi yakipiga. Pini ya kiungo cha nanga na mnyororo ifunge kwa waya, la sivyo itajifungua yenyewe. Omoni vika kamba kipande cha mpira wa maji isisagike.

Shusha taratibu, usirushe, mnyororo usije ukazonga makucha. Mashua ikirudi nyuma, shika amari: ikitetemeka mkononi, nanga inaburuta, ikikaza na kutulia, imeshika.