Uwakala wa kampuni hauachwi kwa simu

Kazi yangu ni makaratasi ya makampuni hapa Kampala, ghorofani juu ya duka la vitenge. Jina langu limo kwenye faili za makampuni kadhaa ya kigeni kama wakala, yaani mkazi wa Uganda anayepokea hati kwa niaba yao. Kampuni ikishtakiwa, samansi, yaani wito wa mahakama, inaletwa kwangu, nami natia sahihi, tarehe na saa. Saa watu huisahau, na wakili wa upande wa pili ndiyo anayoitafuta.

Sasa kujitoa. Wengi humpigia bosi simu, "Mzee, mimi nimeacha," bosi anasema sawa, yameisha. Hayajaisha. Jina likiwa bado kwenye faili ya Msajili wa Makampuni, samansi ikiachwa kwenye anwani iliyoandikwa humo imehesabiwa kufika. Anayetakiwa kumjulisha Msajili kwamba mtu amebadilika ni kampuni yenyewe, na kampuni iliyokwisha kufunga ofisi na kurudi kwao haina haraka hiyo. Kwa hiyo barua yangu ya kuacha huwa naipeleka kwa kampuni, halafu nakala naifikisha URSB, ofisi ya huyo Msajili, kule Kololo nigongewe muhuri wa kupokelewa. Muhuri haulifuti jina, lakini siku ya ugomvi una kazi yake.

Delaware, kule Marekani, wametupita kwa hili. Wakala anaweza kujitoa hata kampuni ikikataa. Anaiandikia kwanza, kwa anwani ya mwisho anayoijua. Zikipita siku 30 anawasilisha hati ya kujiuzulu serikalini, akitaja humo tarehe ya ile barua. Hata hapo hajatoka, maana hati inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuwasilishwa. Karibu miezi miwili, basi, na samansi ikija katikati ni juu yake kuipokea na kuifikisha. Kampuni isipoteua wakala mwingine ndani ya zile siku 30 za pili, usajili wake unafutwa.

Nayasema haya kwa sababu ya kijana mmoja wa Ntinda anayetengeneza programu za simu. Kampuni yake imesajiliwa Delaware, mwenyewe hajawahi kufika. Wakala wake, akiwa hajalipwa ada ya mwaka, alimwandikia barua ya kujitoa kwa anwani ya nyumba aliyohama zamani. Mwenye nyumba ndiye aliyemtumia picha ya bahasha kwa WhatsApp.

"Mzee, si anifuate kwanza tuongee?"

Akufuate wapi, mwanangu? Anwani uliyompa ni hiyo.

Nilimwambia atazame tarehe ya barua. Siku 30 za kwanza zilikuwa hazijaisha, kwa hiyo wakala alikuwa bado hajawasilisha hati. Alilipa deni jioni ile na kubadilisha anwani, kisha akaomba wakala amthibitishie kwa maandishi kwamba anaendelea. Hilo la mwisho ndilo nililomsumbua nalo mpaka likafika.